Mabuti ya Gwaride

Jumatatu, 13 Aprili

Nimeamua. Nitakuwa afisa wa jeshi. Kwanza mtihani wa kidato cha sita, kisha JKT, kisha mafunzo ya uafisa Monduli, kisha siku ya kuhitimu: mwendo wa pole, glovu nyeupe, nyota begani. Mama analia kwa furaha. Nimeshamchagulia kitenge.

Kikwazo ni Baba. Anataka niende chuo cha ualimu. Amesema jeshini wanataka mtu anayesikika, na mimi nikimwita akiwa shambani hata punda hageuki. Nikajibu kwa adabu kwamba punda wetu ni mzee. Akacheka mpaka chai ikamwagika, halafu akatoa ahadi: nikiongoza gwaride la mahafali ya shule yetu Jumamosi, tangu mwanzo mpaka mwisho, hatalitaja tena neno ualimu. Bibi ni shahidi.

Kikwazo cha pili: kiongozi wa gwaride ni Wilbroad wa darasani kwetu. Mrefu! Sauti kama lori linalopanda mlima. Mimi ni msaidizi wake, yaani nasimama nyuma yake na kunyamaza.

Jumanne, 14 Aprili

Mazoezi ya sauti alfajiri, kwenye mahindi yetu hapa Bonga. "Gwaride, sawa! Mbele tembea!" Mahindi hayakutembea. Jirani yetu Mama Irine akatoka na panga, akidhani tumevamiwa. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba panga likiwa bado juu, akauliza namfokea nani. Nikamweleza kuhusu Monduli. Akanipa pole, akaenda kumwuliza Mama kama huwa nakula.

Shuleni sauti ilikuwa imekauka kabisa. Nimeitwa jina, nimeitikia, mwalimu ameandika sipo.

Jumatano, 15 Aprili

Habari njema! Mwalimu Fabiani, anayetufundisha gwaride, ametangaza ukaguzi wa viatu kesho. Ambaye viatu vyake havitang'aa hatasimama mbele, hata awe na sauti ya radi. Wilbroad anatoka Sigino kwa miguu. Tope lote la masika ni lake.

Mabuti ninayo, ya mitumba. Yamenizidi namba mbili lakini nimejaza matambara. Dawa ya viatu imekwisha. Je, afisa hukata tamaa? Bibi ana kopo la mafuta ya kondoo aliloletewa kutoka Mbulu, hujipaka kifuani akikohoa. Nimechota kidogo, nikachanganya na masizi ya sufuria. Nikachota tena. Nikachota tena. Sasa najiona meno kwenye buti. Kopo limebaki na harufu tu.

Alhamisi, 16 Aprili

Ushindi! Wilbroad alifika na tope mpaka magotini. Mwalimu Fabiani aliinamia mabuti yangu, akajiona, akanyoosha kola. Uongozi ni wangu!

Wilbroad amenipongeza, jambo ambalo limeniudhi. Kisha akauliza kwa nini nanukia mchuzi. Wivu.

Wakati wa kurudi nyumbani mbwa wawili wanaoshinda jikoni mwa shule walinisindikiza mpaka barabara ya lami. Hata wanyama wanatambua uongozi.

Jumamosi, 18 Aprili

Nitaandika kama ilivyotokea.

Mgeni rasmi alikuwa Meja mstaafu Rosemary, mama mnyoofu kama mlingoti. Wazazi wamejaa kwenye maturubai. Baba mstari wa mbele, Bibi pembeni yake, akikohoa.

Nikaamuru. Sauti ikatoka! Gwaride likatembea. Mwendo wa pole, kama Monduli kabisa. Nikahisi kitu chenye majimaji kwenye kisigino. Wilbroad akanong'ona nyuma yangu, "Afande, mbwa." Nikamwambia hakuna kuongea kwenye gwaride. Akanong'ona tena, "Afande, wamekuwa wawili." Nikamwahidi adhabu.

Kiongozi hageuki nyuma. Nikasonga. Watu wakaanza kucheka. Nikadhani ni furaha. Mbele ya Meja kabisa, buti la kulia likavutwa. Matambara yakafuata moja moja kama utumbo. Nikaendelea na buti moja na soksi yenye tundu, kidole gumba kikiwa nje, hatua sawasawa. Nikaamuru, "Kulia, tazama!" Gwaride zima likageuza shingo kulia, kama linavyotakiwa. Kulia ndiko mbwa walikokuwa wakigombea buti. Mstari wa pili ukalala chini kwa kicheko. Wilbroad peke yake alibaki wima, machozi yakimtoka.

Sikusimama. Nikazunguka uwanja, nikafika mbele ya Meja, nikapiga saluti, nikaomba ruhusa ya kuliondoa gwaride. Akanipa. Akasema nimefika mwisho, wengi wasingefika. Akaongeza kwamba siku nyingine mtu akiniambia kuna mbwa, nimsikilize.

Nimefika mwisho! Meja mwenyewe kasema!

Njiani Baba alitangulia. Nikatembea nyuma yake na buti moja, nikisubiri kusikia habari za chaki. Tulipofika mlangoni akasema, "Nilisema mpaka mwisho. Sikusema na viatu vingapi." Halafu akaniita Afande. Nimeingia chumbani haraka kwa sababu maafisa hawalii hadharani.

Jumapili, 19 Aprili

Baada ya misa Bibi amelitafuta kopo lake. Nimeahidi kumletea jingine. Ametazama buti lililobaki, amelinusa, amenitazama mimi. Amekohoa.

Nimelifikiria tukio la jana kwa makini, kama afisa. Kosa limepatikana: kondoo. Mbwa wanapenda kondoo, kila mtu anajua. Siku ya kuhitimu Monduli sitarudia ujinga huo. Leo nimepata mafuta ya samaki wa ziwani, nikachanganya na masizi, nikajaribu kwenye buti lililobaki.

Linang'aa kuliko mwanzo! Nimelianika dirishani. Paka wa Mama Irine amekaa chini yake tangu mchana, wima, hapepesi macho.

Nidhamu ya hali ya juu.