Nani Kala Sato?

Umma wa Mwanza, kuanzia Buhongwa hadi lami inapokomea, ulitangaziwa kwamba tangu siku hiyo hakuna mtoto atakayetiwa mashaka na televisheni bila kibali. Tangazo lilitoka katika Kamati ya Kusimamia Mafumbo ya Watoto, likiwa na saini ya Machibya, Kaimu Mwenyekiti. Hilo neno "Kaimu" lilikuwa limemganda kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Wenzake walioanza naye kazi walishathibitishwa, wakanenepa, wakastaafu. Yeye bado alikuwa anakaimu, na roho ilimuuma.

Kwa hiyo kilipokuja "Nani Kala Sato?", kipindi cha kufundisha watoto kusoma na kuandika kwa kuwapa visa vya kupeleleza, aliona nyota ya jaha imemwangukia. Kisa chenyewe kilikuwa chepesi. Mama lishe wa Mkuyuni anakaanga sato, sato anatoweka, na watoto wanasoma vidokezo ukutani mpaka wamwandike mwizi ubaoni. Mheshimiwa Evelina kutoka wizarani angekuja studio kukitazama kikirushwa moja kwa moja. Mambo yakienda vizuri, Machibya angethibitishwa siku hiyohiyo.

"Mwizi ni nani?" alimuuliza Teodora, mtayarishaji wa kipindi.

"Ni paka, mzee."

"Ameitwa kujitetea?"

"Paka, mzee?"

"Hatumtii mtu hatiani bila kumsikiliza. Paka atoke."

Teodora akamweka mlinzi. Kamati ikaona huko ni kuvidhalilisha vyombo vya ulinzi. Akamweka muuza samaki, ikaonekana sekta ya uvuvi itayumba. Akamweka mama mkwe, na wajumbe wakatazamana kwa hofu, maana kila mmoja alikuwa na mama mkwe wake nyumbani. Wote wakaondolewa kwa maslahi mapana ya taifa. Jibu la fumbo likapitishwa kwa kauli moja: watoto wataandika "Uchunguzi unaendelea."

"Sasa nimebaki na mama lishe na kikaango," Teodora alisema. "Nifanyeje, mzee?"

"Ongeza kiongozi. Tangu lini shughuli ikafanyika bila mgeni rasmi?"

Hapo alisema kweli tupu. Kwetu hata choo cha shule hakiingiwi mpaka mtu akate utepe. Na kwa kuwa hakupatikana mwigizaji wa kubeba heshima ya ofisi, Machibya aliigiza mwenyewe, kwa suti. Mama lishe akipaka samaki chumvi, mgeni rasmi anawasili na kupunga mkono. Samaki akiiva, mgeni rasmi anakagua, kisha anaonja kwa niaba ya wananchi. Vidokezo navyo viliandikwa upya na kamati kwa lugha ya staha: "Mgeni rasmi alifika. Aliridhishwa na ubora wa sato. Aliondoka ameshiba matumaini."

Siku ikafika. Mheshimiwa Evelina aliketi mbele, igizo lililorekodiwa likaonyeshwa kwenye skrini, na watoto wa Buhongwa wakasoma vidokezo kwa sauti, neno kwa neno, bila kukwama. Kisha Winnie wa darasa la pili akaenda ubaoni, akaandika: MGENI RASMI.

Machibya akainuka kitini.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, babu. Nimesoma tu," Winnie alijibu. "Kabla hajafika sato alikuwepo. Alipoondoka hakuwepo. Mama lishe alikuwa anaosha vyombo."

Mheshimiwa Evelina alicheka mpaka akavua miwani. Machibya akamwinamia sikioni.

"Mheshimiwa, kipindi kinapotosha. Naomba nikifungie sasa hivi."

"Mamlaka hayo unayo, Kaimu. Ila utaratibu unaujua. Unatoa sababu kwa maandishi, na wahusika wanaisoma." Akawaonyesha watoto. "Wahusika ndio hawa. Ukimaliza kuandika, nasaini uthibitisho wako hapahapa."

Machibya hakuamini bahati yake. Alichukua chaki, akaandika kwa mwandiko mzuri wa ofisini: "Kipindi hiki kinafungiwa."

"Ki-pi-ndi hi-ki ki-na-fu-ngi-wa," watoto wakasoma kwa pamoja.

"Kwa sababu."

"Kwa sa-ba-bu."

Chaki ikasimama. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Alifikiria kuandika kwamba watoto hawa hawajui kusoma, lakini wangeisoma. Alifikiria kuandika kwamba mgeni rasmi hakula, lakini kwenye skrini nyuma yake picha ilikuwa imegandishwa, naye shavu limejaa. Sababu iliyobaki ilikuwa moja tu, kwamba watoto walisoma wakaelewa. Mkono ulikataa kuiandika.

Watoto walimsubiri kwa adabu, shingo wamezinyoosha, midomo tayari.

"Sababu nini, babu?" Winnie aliuliza.

"Tuandikie tu, Kaimu," alisema Mheshimiwa Evelina kwa upole. "Bado tuko hewani."