Swichi Zilizolala Chini ya Theluji

Usijifanye huhusiki. Siku ile walipouliza nani atakuwa mwenyekiti, nawe ulikuwemo. Labda si mjini Norrköping, huku Uswidi, labda si chumba kile, lakini ulikuwemo: uliinamisha kichwa ukakagua viatu vyako kana kwamba umevivaa leo. Nakukumbuka. Kazi yangu ni kukumbuka, maana nyinyi wengine mmeiacha.

Basi sikiliza kilichotokea mlipokuwa mnatazama viatu.

Tage Rosenlund mnamjua. Ndiye aliyewauzia magodoro ya sumaku, na kabla ya hapo mashine ya kuchuja maji, katika mji ambao maji ya bomba ni safi kuliko dhamira yake. Jumanne moja ya Novemba alikuwa ameingia maktaba kuota joto bure, akasikia vijana wawili wakigombana kuhusu swichi. Si za taa. Ni zile ndogo zinazokaa chini ya kila kitufe cha kibodi, zenye springi ndani. Mmoja aliapia nyekundu, zinazoteleza moja kwa moja hadi chini. Mwenzake aliapia za kahawia, zenye kijigongo katikati, kama jiwe dogo ndani ya wali. Za buluu walizilaani wote wawili, kwa kuwa zinagonga kama kuku anayedonoa bati. Waliligombea jambo hilo saa nzima, maana katika mashindano ya gemu anayebonyeza kwanza ndiye anayepiga kwanza, na wa pili hupata nafasi ya kujieleza.

Tage alisikiliza kwa unyenyekevu wa mtu aliye kanisani. Watu wanaogombana saa nzima juu ya kitu kisichoonekana kwa macho, alijiambia, hao ni shamba lililokwisha kulimwa.

Akaenda kwenye duka lililokuwa likifungwa, akanunua mifuko arobaini ya swichi nyekundu, za bei ya chini kuliko zote. Akazimimina katika bafu lake, akazimwagia juisi ya bluberi, vitunda vya msituni vyenye rangi kali, akazikoroga kwa mikono. Siku ya tatu zilitoka na rangi ya zambarau. Naye pia, hadi kwenye viwiko.

Jumanne iliyofuata, saa tisa alasiri, aliteremka ngazi za Chama cha Vidole Vyepesi, chama cha wacheza gemu. Ni chumba cha chini katika kiwanda cha zamani cha nguo: kompyuta sitini na nne, jokofu moja, na watoto wa mji huu ambao hawana pengine pa kwenda mvua inaponyesha. Juu ya jokofu palibandikwa barua ya halmashauri. Ilisema, kwa upole ule wa watu wanaokunyang'anya, kwamba chama kisicho na mwenyekiti si chama, na kama jina halitapatikana kufikia Alhamisi saa sita mchana, chumba kitageuzwa uwanja wa padeli, ule mchezo wa raketi unaochezwa ndani ya kuta za vioo. Padeli. Mji wenye viwanja kumi na moja vya padeli ulikuwa unalilia cha kumi na mbili.

Walikuwa wamekaa kuzunguka meza, watu kumi, na kahawa, na mikate ya mdalasini. Tage aliomba dakika tano. Alieleza kwamba swichi zake zililazwa chini ya theluji ya Kiruna, kaskazini kabisa, msimu mzima wa baridi, hadi springi zikasahau kukataa. Mchezaji mwenye swichi hizi, alisema, kitufe chake hubonyea kidole kikiwa bado kinafikiri. Jumamosi walikuwa na mechi dhidi ya mji jirani wa Linköping, waliowapiga miaka mitatu mfululizo. Tage alilitaja jina la Linköping kwa huzuni, kama daktari anavyotaja ugonjwa.

Kibodi ya majaribio ilizungushwa meza nzima, kila mtu abonyeze mara moja na kusema anahisi nini, maana huku kwetu jambo halipiti mpaka kila mmoja asikike, na akishasikika wa kwanza, wengine huona aibu kumpinga. Wa kwanza alikuwa Joar, mtunza jokofu. Alifumba macho, akasema anahisi kama anakanyaga kuvu laini la msituni. Wa pili alihisi kuvu hilo hilo, lakini lenye umande. Wa tano alihisi ukimya. Wa nane alimhisi marehemu baba yake, akaomba kitambaa.

Ikafika kwa Ylva Stålhane, nahodha, vidole vyepesi kuliko vyote pale. Alibonyeza. Alihisi swichi nyekundu ya bei ya chini. Akatazama nyuso za wenzake zilivyotulia.

"Nahisi," alisema polepole, "kama mnavyohisi."

Wa mwisho alikuwa Gun-Britt Ahlbom, katibu, miaka sabini na nne. Huyu alipiga taipu katika ofisi ya kiwanda hicho hicho miaka thelathini na moja, na barua ya mwisho aliyoipiga ilikuwa ya kumfukuza yeye mwenyewe. Meneja aliyemletea barua hiyo aipige alikuwa na sauti nzuri kama ya Tage. Gun-Britt hakubonyeza. Aliichomoa swichi moja, akainusa, akatazama kucha za Tage. Gun-Britt huchuma bluberi kila Agosti, tangu utotoni, na rangi yake anaijua. Akairudisha swichi mahali pake, akamwongezea mgeni kahawa.

Kisha akasema kwamba kwa bahati mbaya swichi za chama kizima huamuliwa na mwenyekiti, na mwenyekiti hawana. Akauliza nani yuko tayari. Jozi tisa za viatu zikatazamwa kwa makini.

"Mwenyekiti ndiye anayechagua?" Tage aliuliza, kama mtu anayeuliza saa.

"Ndiye. Kibodi zote sitini na nne. Lakini ni mzigo, mwanangu. Sikushauri."

"Mama, mimi mizigo nimezoea."

Alijiunga na chama saa tisa na nusu, akachaguliwa saa tisa na dakika thelathini na mbili. Nyundo ikagonga meza. Palepale, wadhifa ukiwa bado wa moto, aliamua kwamba swichi za zambarau zifungwe kote. Gun-Britt aliandika kumbukumbu za mkutano kurasa nne, akazisogeza mbele ya Tage pamoja na mkate wa tatu. Mtu aliyeishi miaka ishirini kwa sababu wengine hawasomi wanachotia saini, alitia saini huku akitafuna.

Alhamisi saa tano na dakika arobaini, Gun-Britt alifika halmashauri kwa baiskeli na karatasi yenye jina.

Ijumaa Tage aliteremka ngazi na ankara. Gun-Britt alimfungulia katiba: mwenyekiti haruhusiwi kukiuzia chama chake mali yake mwenyewe. Akamfungulia ukurasa wa tatu wa kumbukumbu, ambapo mkutano unamshukuru mwenyekiti kwa zawadi ya mifuko arobaini.

"Mama, mimi sikutoa zawadi."

"Umetia saini."

"Sikusoma."

"Najua. Ndiyo maana nilikupa mkate wa tatu."

Tage akasema anajiuzulu. Kifungu cha tisa: mwenyekiti huondoka akishapatikana wa kumrithi. Akaitisha mkutano wa dharura siku hiyo hiyo, akasimama mbele yao kwa ile sauti iliyowahi kuuza magodoro kwa watu wasio na vitanda, akauliza nani atachukua nafasi yake. Wote wakatazama viatu.

Hiyo ni miaka sita iliyopita. Jumamosi ile Linköping waliwapiga tena, maana juisi ya bluberi ina sukari, na vitufe vilinata hadi Ylva akazirudisha zake za kahawia katikati ya mechi. Mwenyekiti alitumia majira ya baridi kusafisha swichi elfu sita kwa mswaki. Halmashauri ilirudi na padeli yake mara mbili, na mara mbili Tage alizungumza nao mpaka wakaomba radhi. Chumba kipo.

Unacheka? Kwaya ya mtaa wa juu ilikuwa na chumba. Wacheza chesi walikuwa na chumba. Washonaji walikuwa nacho, chenye madirisha ya kutazama mto. Nayakumbuka yote, na tarehe zake. Hawakupata hata tapeli wa kuwaokoa. Walipata viatu vyao tu, na sasa pale mipira inagonga vioo.

Na chama chako wewe, mkutano ni lini? Unajua ni lini. Tangazo umeliona mlangoni, ukapita. Iweke hadithi hii chini sasa hivi, uende, na watakapouliza nani, inua uso. Halafu inua mkono.