Kifo cha Kiranja, Sehemu ya Thelathini na Moja

Alhamisi, 4 Juni

Umeme umekatika! Saa kumi na moja na dakika hamsini na mbili jioni. Dakika nane kabla ya tamthilia. Nane! Nilikuwa nimeshaoga, nimeshakaa, rimoti mkononi, watoto nimeshawatisha wanyamaze. Runinga ikazimika mbele ya macho yangu.

Nimetoka mbio na kandambili moja. Kwa jirani, giza. Kwa kinyozi, giza, na mteja amenyolewa upande mmoja. Duka la dawa, giza. Nimerudi miguu mizito. Mke wangu amesema ni kipindi tu, kwamba wale ni watoto wa shule wanaojifanya mizimu, na kwamba mwanamume wa miaka arobaini na sita angetafuta mshumaa kwanza.

Haelewi. Basi niandike hapa. Miaka kumi na moja nimekata vitambaa kwenye karakana ile ya sare za shule. Miaka kumi na moja wananiita Mkasi na hawaniulizi lolote ila mkasi uko wapi. Kisha ikaanza tamthilia hii, Bweni la Vivuli. Wengi pale hawaipati vizuri: huyu ana mume wa mpira, yule ana watoto wa katuni. Ndiyo maana kila Ijumaa, chai ya saa nne, mtu mmoja huisimulia. Mtu huyo ni mimi. Nakaa kwenye stuli ndefu kando ya meza ya kukatia, nakohoa kidogo, na watu ishirini na watatu wananyamaza. Hata siku ya harusi yangu watu hawakuninyamazia hivyo.

Nikisema kesho sikuitazama, stuli inaenda kwa Mama Ovaloki, yule wa mashine ya kufunga pindo. Anaimezea mate tangu sehemu ya kumi na mbili. Na siwezi kuulizia kwa watu. Kuulizia ni kukiri.

Nimepata wazo! Nimetazama sehemu thelathini. Nashindwaje kuikisia ya thelathini na moja? Nimewasha mshumaa, nikafikiri. Yupo Kiranja, kijana mtanashati anayezungumza na wanafunzi waliokufa. Yupo Mgeni, msichana asiye na kivuli. Yupo Matroni, mwenye miaka mia mbili na hana mvi hata moja. Nikisema jambo dogo, wataniuliza alivaa nini, alisimama wapi. Nikisema kifo, watalia tu. Kwa hiyo Kiranja lazima afe. Nisamehe, kijana.

Ijumaa, 5 Juni

Nimemuua. Kwenye maabara, saa ya mwisho ya masomo, mikononi mwa Mgeni. Nimetumia sauti ya chini. Nilipofika pale anapofumba macho nikafumba na yangu.

Sikutegemea yaliyofuata! Dada Vifungo, msichana wa kushona vifungo, ameangua kilio juu ya magauni thelathini ya darasa la kwanza. Mpiga Pasi ameacha pasi juu ya shati. Moshi! Shati lina alama ya pasi mgongoni na hakuna aliyemgombeza. Msimamizi wetu, ambaye miezi yote hii anasema tamthilia ni mambo ya watoto, ametoka ofisini na kusimama mlangoni akisikiliza.

Babu Geti, mlinzi wetu, amekuja na kikombe chake akasema yeye hakuona, kwao umeme ulikatika. Watu wamecheka. Mama Ovaloki amemwambia mpenzi wa kweli wa tamthilia hakosi njia. Mimi ndiye niliyecheka kwa sauti kuliko wote.

Halafu Mama Ovaloki akanigeukia. Akanitazama. Nikajua nimekwisha, kwao umeme ulikuwepo, sasa ananianika. Akasema nimesimulia vizuri ila nimesahau saa. Saa gani? Saa ya mkononi ya Kiranja, amesema, ilivyosimama palepale alipokata roho.

Nusura nianguke na stuli. Ameiona! Kumbe imetokea kweli! Nimekisia, na nimekisia sawasawa! Nikajikaza nikasema ah, ile saa, nilikuwa naifikia.

Mimi si mtu wa kawaida. Nina karama. Wangejua hilo mapema wasingeniuliza habari za mkasi.

Jumamosi, 6 Juni

Kila mtu ameona. Mpiga Pasi anasema Matroni alitabasamu pembeni. Dada Vifungo anasema muziki ndio uliommaliza. Msimamizi ameniita ofisini, akafunga mlango, akasema yeye alijua tangu sehemu ya ishirini. Macho mekundu! Msimamizi!

Nimerudi nyumbani na jambo limenipata ghafla njiani. Kiranja amekufa. Si mzaha. Amekufa kweli, watu wote wameona isipokuwa mimi, na mimi ndiye niliyempenda tangu sehemu ya kwanza. Kijana mpole vile! Hata kuagana hatukuagana. Nimesimama kando ya barabara nikifuta machozi kwa futi ya kupimia.

Sikuweza kula. Mke wangu ameniuliza kwa upole nina nini. Nikamwambia Kiranja amefariki. Akakaa chini. Akauliza kama aliugua muda mrefu, na kama ameacha watoto. Nikasema ana miaka kumi na saba. Akashika kichwa, akawasikitikia wazazi wake. Alikuwa ameshajifunga kitambaa kichwani twende kutoa pole ndipo nikamweleza ni wa bweni lipi.

Ameondoa sahani. Hajasema nami tangu hapo.

Jumapili, 7 Juni

Habari mbaya. Mpiga Pasi amepita kunijulisha kwamba Mama Ovaloki anapanga kesho tusimamishe mashine dakika moja kwa heshima ya marehemu. Wazo lake! Heshima yake! Mbinu ile naijua, anaanza na dakika moja, anaishia na stuli.

Nitamzidi. Kuna satini nyeusi imebaki pale kazini, chini ya meza. Kesho nitawahi kabla ya wote nikate vitambaa vya kufunga mkononi, ishirini na vinne, mtu mmoja kimoja. Yeye ana dakika. Mimi nina kitambaa kinachokaa siku nzima.

Jumatatu, 8 Juni

Niandike kwa utaratibu.

Saa mbili asubuhi kila mtu alikuwa amefunga kitambaa cheusi mkononi. Msimamizi aliomba viwili. Babu Geti peke yake alikataa, kwa adabu, akasema atasubiri kwanza aone mwenyewe. Tukamwonea huruma.

Saa tatu mashine zikasimama. Kimya kile! Dada Vifungo anavuta kamasi. Na hapo ndipo akaingia Mwalimu Mkuu, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, kufuata makoti arobaini ya shule yake. Akatukuta tumeinamisha vichwa. Akaweka mkoba chini, akainamisha na chake. Dakika ilipoisha akamuuliza Msimamizi kwa sauti ya pole ni nani aliyetutoka. Msimamizi akasema mwenzetu mmoja. Akauliza jina. Msimamizi akapata kigugumizi. Mama Ovaloki akajibu kwa niaba yake: Kiranja, wa Bweni la Vivuli, Alhamisi jioni.

Mwalimu Mkuu akavua miwani. Akasema yeye na binti yake ni wapenzi wa tamthilia hiyo, na anashangaa. Kwa sababu Alhamisi haikuonyeshwa. Umeme ulikatika mji mzima, na kituo chenyewe cha runinga kikazimika. Redio ilitangaza Jumamosi. Sehemu ya thelathini na moja itaonyeshwa kesho.

Haikuonyeshwa! Popote! Kwa mtu yeyote!

Watu ishirini na watatu wenye vitambaa vyeusi, kila mmoja akimtazama mwenzake. Mpiga Pasi na tabasamu lake la Matroni. Dada Vifungo na muziki wake. Msimamizi akijaribu kuficha mikono yote miwili nyuma. Nikamtazama Mama Ovaloki. Ile saa! Alinitazama usoni, mchana kweupe, akaniambia saa ilisimama, na hakukuwa na saa!

Nimeshtushwa na uovu wa binadamu. Mtu anawezaje kudanganya namna hiyo bila kupepesa macho?

Kisha Mwalimu Mkuu akasogea, akashika kitambaa cha mkono wangu, akakigeuza upande wa pili. Akauliza kama hiyo si satini ya bitana aliyoichagua mwenyewe kwa ajili ya makoti yake. Ilikuwa yenyewe. Haikuwa imebaki, ilikuwa imewekwa. Makoti matatu hayana bitana ya mikono. Msimamizi alitaka kunifokea ila alikuwa amevaa vipande viwili.

Nimeshinda nikifungua vitambaa vya mikono ya wenzangu. Mkono wa Mama Ovaloki nimeuacha wa mwisho. Hatukutazamana.

Jumanne, 9 Juni

Bado nina njia moja. Kiranja akifa leo kweli, mimi si mwongo. Mimi ni mtabiri, na stuli ni yangu hadi nizeeke. Asubuhi nzima nimemwombea kifo. Kifo chepesi, si cha maumivu, lakini kifo.

Tumetazama pamoja, baada ya kazi, ofisini kwa Msimamizi, wote tumebanana, wengine juu ya marobota ya vitambaa. Babu Geti amepewa kiti. Moyo ulinidunda hadi Mpiga Pasi akaniambia nipunguze.

Dakika ya kwanza tu! Mlango wa bweni unafunguka, Kiranja huyo, anapiga miayo. Mzima! Ana afya! Amenenepa hata! Nilifurahi nikaruka, kweli nilifurahi, roho ilijaa. Halafu nikakumbuka stuli, nikakaa.

Dada Vifungo amelia upya, safari hii kwa furaha. Mpiga Pasi amekasirika, amesema hii si haki, tulishamlilia mtu huyu, sasa anataka nini tena. Wengine wakamuunga mkono. Kipindi kizima Kiranja hakufanya kitu. Amefua soksi.

Mwisho wake Dada Vifungo akasimama, macho yamevimba, akasema karakana nzima kuna mtu mmoja tu aliyekiri kwamba hakuona, na stuli apewe yeye. Hakuna aliyepinga. Nani apinge? Mikono ikapanda. Babu Geti!

Stuli ya msimulizi wanampa mtu ambaye sifa yake yote ni kwamba hakuona! Nimetembea hadi nyumbani badala ya kupanda gari. Mke wangu amesema nami kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Ameuliza hali ya marehemu. Nikamwambia anafua soksi. Amecheka hadi akashika ukuta.

Inaniuma. Niseme ukweli kwa kuwa ni daftari: inaniuma sana. Kesho wataniuliza mkasi uko wapi.

Jumatano, 10 Juni

Hawakusubiri Ijumaa. Chai ya saa nne Babu Geti ameketi kwenye stuli, kofia ameiweka magotini, akasimulia. Niliinama kwenye vitambaa nisimwone. Amesema Kiranja aliingia. Akaongea na Matroni. Wakaelewana. Akafua soksi. Akatoka.

Akaishia hapo. Watu wakangoja. Chai bado ilikuwa ya moto. Mama mmoja wa kukunja nguo akauliza Matroni alikuwa na uso gani. Babu Geti akafikiri sana, akasema uso wake uleule.

Kila neno ni kweli, na hakuna aliyelia.

Saa sita kasoro Dada Vifungo akaja mezani kwangu eti anatafuta chaki ya kitambaa. Akanong'ona: tuseme tu Kiranja angekufa, Mgeni angefanya nini kaburini? Nikatazama kulia na kushoto. Nikamwambia. Akaondoka akijifuta macho na chaki mkononi. Mpiga Pasi akaja, naye chaki. Anataka kujua kama Matroni alitabasamu mara moja au mbili. Hadi saa tisa wamekuja watu kumi na mmoja, na mimi nina chaki mbili tu.

Wa mwisho Mama Ovaloki. Hakusingizia chaki. Alisimama, akatazama dari, akasema kwa maoni yake ile saa ingeanza kutembea tena. Chini ya udongo. Na Mgeni angeisikia.

Chini ya udongo! Mwanamke huyu ni hatari. Nimemwambia si mbaya, nitaangalia pa kuiweka. Nimeliandika wazo lake kwa chaki kwenye kitambaa cha mteja badala ya karatasi, ila si neno.

Alhamisi, 11 Juni

Nimejifunza jambo moja kubwa wiki hii, na nitalishika maisha yangu yote: kosa langu lilikuwa kuua mmoja.

Nimeshaandika sehemu ya thelathini na mbili. Vifo viwili, saa inatembea kaburini, Matroni anaota mvi zote kwa mpigo. Kesho, Babu Geti akimaliza sentensi zake tano, mimi nitakuwa mezani. Nimenunua chaki pakiti nzima.

Saa kumi na moja na dakika hamsini na mbili. Umeme upo, tena wa nguvu. Runinga inaongea. Watoto nimeshawatisha wanyamaze. Dakika nane. Na hapo nikashtuka. Nikiitazama, itaniharibia! Nitamwona yule anafua soksi tena, na nitashindwa kumuua.

Nimeizima kwa mkono wangu.

Mke wangu ametoka jikoni mbio, mwiko mkononi, akauliza kama umeme umekatika tena. Nikasema ndiyo. Akaitazama taa inayowaka juu ya kichwa changu. Akaitazama muda mrefu.

Nikainuka nikaizima na taa.