Mheshimiwa na Kishingo wa Mama Salu

Jumapili, 3 Agosti

Kwaya imeimba vizuri, lakini mimi nilikuwa namuwaza Mheshimiwa. Jogoo wangu wa kuchi. Miguu mirefu, kifua mbele, anatembea kama diwani aliyeapishwa jana. Hapa Migato hana mpinzani. Itilima nzima hana! Ijumaa nampeleka kwenye mashindano ya kuku ya maonyesho ya Nane Nane, Nyakabindi, na watu watajua Luhaga ni nani.

Mke wangu, Mama Salu, haoni. Eti tangu aje hajaleta hata kifaranga. Atakiletaje? Simruhusu kusogelea majike, akipanda ataharibu mkia. Nikamweleza kwamba urembo una nidhamu yake. Akasema sawa, Baba Salu, lakini mama yangu anakuja Jumamosi, na jogoo asiyeshinda ni mboga.

Nikakubali palepale, mbele ya waumini. Mwanaume harudi nyuma.

Jumanne, 5 Agosti

Nimempima kwa vigezo vya kundi letu la kuku wa urembo kwenye simu. Shingo ndefu, ndiyo. Macho makali, ndiyo. Mkia usioburuta, ndiyo! Nimempa kumi kwa kumi.

Kwa kutenda haki nikampima na kishingo, kuku jike wa Mama Salu. Masikini! Shingo haina unyoya hata mmoja, mkia alimwachia mwewe waliyepigana naye. Nimempa mbili, na moja hapo ni ya huruma. Mama Salu amesema mwewe yule hajarudi tena. Sasa hicho nacho ni kigezo?

Alhamisi, 7 Agosti

Akili ni mali. Nimempaka Mheshimiwa mafuta ya pamba, chupa nzima, kuanzia kichwani hadi kwenye kucha. Anang'aa jamani! Yalikuwa mafuta ya kumpikia mama mkwe, kwa hiyo nimemficha jogoo mahali ambapo Mama Salu hataingia leo: chumba tulichohifadhia pamba yetu, bado haijaenda kupimwa. Ni laini mle. Mkia hautakunjika.

Nalala nikitabasamu.

Ijumaa, 8 Agosti

Yelele!

Nimefungua mlango alfajiri, likatoka furushi lenye miguu. Amejigaragaza usiku kucha, na pamba imemganda mwili mzima. Nikifuta, inazidi kushika. Bodaboda nje anapiga honi.

Lakini Luhaga hakuzaliwa jana. Kufika Nyakabindi nikatangaza aina mpya ya kuku: Pamba ya Simiyu. Watu wakajaa! Wakapiga picha naye. Nilisimama wima mpaka mgongo ukauma.

Mara nikamwona Mama Salu anakuja na tenga. Ndani yupo kishingo na vifaranga vyake. Eti amekuja kuuza mayai tu. Mh!

Mpimaji alikuwa bibi mifugo mmoja, Precious. Akanisalimia kwa Kisukuma, mwangaluka, nikaitika kwa sauti ya ushindi. Akauliza jogoo anawika? Mheshimiwa akawika, pamba ikaruka. Akauliza ana watoto wangapi. Nikasema ni kijana anayejitunza. Hapo watu wakaanza kucheka, sijui kwa nini. Akampuliza mgongoni, akanusa kidole, akaniuliza kama nilikuwa najiandaa kumkaanga.

Kisha akahamia kwenye tenga. Akauliza yule kishingo anatagaje, anaatamiaje, analeaje, ugonjwa wa kideri ulipopita alifanya nini. Mama Salu anajibu tu, taratibu. Wakati huohuo kivuli cha mwewe kikapita juu yetu. Kishingo akalia mara moja, vifaranga vyote vikaingia chini ya mbawa zake.

Mheshimiwa naye akaingia. Kichwa tu, mwili ulibaki nje.

Kishingo kawa wa kwanza. Kapewa gunia la chakula. Nimelibeba mimi.

Jumamosi, 9 Agosti

Ahadi ni deni. Mheshimiwa nimemchinja mwenyewe, na machozi yamenitoka, sifichi.

Ila hata kifo kimemkuta na hadhi yake! Sufuria kubwa la harusi, na miguu bado ilikataa kuingia, kifuniko kikabaki juu juu. Nikawaita majirani waone urefu. Mama mkwe amekula ndani, mimi nje, kama heshima inavyotaka. Akatuma neno kwamba nyama imemshinda meno lakini mchuzi ni mtamu. Nikaongeza mchuzi.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimetafakari na nimegundua siri. Yule bibi mifugo alikuwa anatazama shingo! Vigezo vimebadilika, basi. Shingo tupu ndiyo urembo wa sasa, na hapa Migato mimi ndiye wa kwanza kulijua hilo.

Binti wa kishingo anaatamia nyuma ya mlango. Shingo yake ni tupu kuliko ya mama yake! Lakini anajinyonyoa kifua kwa kulalia mayai, na kifua kikichakaa mwakani tutashindwa. Mama Salu alipokwenda mnadani nikamtoa kwenye kiota, nikamwogesha kwa sabuni, nikamwanika juani.

Mama Salu karudi. Hakufoka. Amegusa mayai, akanitazama, akaniletea koti langu la harusi na kuniambia nikae.

Naandika nikiwa nimekaa nyuma ya mlango, mayai yapo tumboni chini ya koti. Majirani wanapita kuchungulia, nami nawapa mkono bila kuinuka, kama mtu mkubwa anavyofanya. Mama Salu amesema nisisogee mpaka kuku akauke. Naona hatimaye ameanza kuniheshimu kama mtaalamu.