Kodi ya Ng'ambo ya Mto

Jumatatu, 8 Aprili

Karatasi ya mshahara inasema mwaka mzima nilifanya kazi Oregon. Sijawahi. Nauza donati kwa Bw. Kowalczyk hapa Vancouver, jimbo la Washington, upande wetu wa mto, ambako jimbo halikati mshahara wa mtu. Oregon hukata. Wamenikata kiasi kilekile kilichopungua kununulia tarumbeta niliyowekewa dukani Portland, hukohuko Oregon, hadi Ijumaa. Baba atanikopesha, mradi kwanza aone madai yangu ya kurudishiwa kodi yametumwa.

Tarumbeta ya shule ninayoazima nairudisha mwisho wa mwezi. Nisipokuwa na yangu, kiti cha kwanza, cha mpiga tarumbeta mkuu wa bendi, anakipata Odalys, mwenzangu wa kuuza donati, ambaye hupuliza kama anayepoza uji.

Baba anasema nimwombe tu Bw. Kowalczyk barua ya kusahihisha. Baba hapendi kufikiri. Mwajiri hawezi kuambiwa hivihivi kwamba amekosea. Anahitaji ushahidi.

Jumanne, 9 Aprili

Nimepekua droo nzima nipate risiti za kuonyesha kwamba maisha yangu yako upande huu. Koti: Portland. Begi: Portland. Hata mswaki! Ng'ambo hakuna kodi ya mauzo, kwa hiyo watu wa huku tunavuka daraja kununua kila kitu. Kwa risiti hizi, Vancouver tunakuja kulala tu.

Mwishowe nikapata ya televisheni, yenye anwani yetu. Baba akaipokonya. Akasema tulitakiwa kuilipia kodi huku baada ya kuileta, sasa nataka afungwe?

Imebaki ya viatu vyangu. Nayo ina jina na anwani, kwa sababu ya kadi ya mteja. Itatosha.

Alhamisi, 11 Aprili

Haikutosha.

Nilimkabidhi Bw. Kowalczyk bahasha kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa. Akaisoma risiti muda mrefu. Kisha akaniuliza koo langu linaendeleaje. Sikuelewa. Akanionyesha tarehe. Ni siku ile niliyompigia simu kwamba koo limevimba, siwezi hata kumeza mate.

“Kumbe dawa ya koo ni viatu,” akasema, mbele ya wateja. Odalys alicheka hadi akaangusha koleo. Nikajifungia chooni. Barua sikuomba. Ningeanzia wapi?

Ijumaa, 12 Aprili

Nimeshinda kitandani nikiandaa hotuba ya kuomba msamaha. Ina utangulizi na hitimisho. Duka la Portland limefungwa nikiwa bado kwenye utangulizi.

Jumamosi, 13 Aprili

Hotuba haikufika popote. Nilipotaja neno barua tu, Bw. Kowalczyk akanikatiza: “Binti, si ungesema?” Karani wake anakaa kwenye duka lake la pili, Portland, akatuandika wote huko. Akasema kodi ya mshahara hufuata mahali unapofanyia kazi, si mahali karani anapokaa. Barua akaiandika amesimama, unga mikononi, huku donati zikikaangwa. Odalys aliomba yake Februari. Amesharudishiwa.

Nikatuma madai. Baba akatoa mkopo. Tukavuka daraja.

Rafu tupu. Muuzaji akasema tarumbeta imeondoka asubuhi, kailipia msichana mmoja mwenye adabu sana. Alimwachia na boksi la donati.

Njia nzima ya kurudi Baba hakuwasha redio.

Jumapili, 28 Aprili

Tarumbeta ya shule nimeirudisha. Sasa napiga matoazi. Mwalimu anasema bendi haiwezi kwenda bila matoazi. Yanapigwa mara moja, mwisho wa wimbo. Nimelia kidogo, lakini nilikuwa nyuma, hakuna aliyeona.

Hata hivyo nimepata wazo. Duka lile la tarumbeta la Portland linatafuta msaidizi wa Jumamosi. Nitaishi huku, ambako jimbo halikati mshahara, na kufanya kazi kule, ambako vitu havitozwi kodi. Faida ya pande zote mbili! Nashangaa hakuna aliyeliona hili. Naanza wiki ijayo.

Nilimweleza Odalys. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Kisha akanishika bega: “Nenda, mwenzangu. Nenda kabisa.” Ni mara ya kwanza kunitendea wema.

Baba sijamwambia. Angenitaka nimuulize mtu kwanza.