Upungufu wa Wahudumiwa Kumi na Wawili

Ofisi ya Uratibu wa Huduma kwa Watoto wa Katikati ya Mji inapenda kuutangazia umma kwamba tatizo sugu la upungufu wa watoto wenye shida limepatiwa ufumbuzi. Mimi ndiye katibu wa ofisi hiyo. Yote ninayoyaeleza hapa niliyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, nikiwa na akili timamu na fulana ya njano.

Wananchi wengi hawaielewi kazi yetu. Wanadhani vijana wa kanisa wakitaka kuwahudumia watoto, wanakuja tu, kama mtu anayekwenda kumjulia hali shangazi yake. La hasha! Huduma isiyoratibiwa ni vurugu. Mwongozo wetu wenye kurasa tisini na nne unataka kila kijana wa misheni apate mtoto mmoja wa kumhudumia. Asipate nusu mtoto, wala mtoto na robo.

Kituo chetu ni nyumba ya vyumba vinne nyuma ya gereji, yenye watoto arobaini na Mama Mlezi mmoja. Mwaka huu kimehudumiwa na misafara saba. Kila msafara ulipaka rangi ukuta uleule wa darasa, na rangi imenenepa hata mlango haufungiki. Watoto wamefundishwa kunawa mikono mara saba, na wananawa kuliko madaktari wa upasuaji, ingawa bomba lilikauka tangu msafara wa pili.

Basi ikaja taarifa ya msafara wa nane: vijana arobaini, siku ya Jumanne. Mratibu Mkuu alishangilia.

"Arobaini kwa arobaini! Katibu, hesabu ya mbinguni hiyo!"

Furaha yake ilikuwa na sababu. Jumanne hiyohiyo, saa nane mchana, alikuwa na usaili wa ukurugenzi makao makuu, na alipanga kuingia na picha mbichi za huduma mkononi.

Ijumaa Mama Mlezi akaja ofisini na barua. Alifuatana na binti mmoja wa kituoni, miaka kumi na mitatu, ambaye wenzake humwita Wakili kwa jinsi anavyobishana.

"Mheshimiwa," alisema Mama Mlezi, "Jumanne watoto wangu kumi na wawili wana mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Naomba waende."

"Barua hii ni nakala moja. Tunapokea nakala tatu," alisema Mratibu Mkuu. "Halafu mama, mtihani upo kila mwaka. Wageni wa Bwana hawaji kila siku."

"Wamekuja mara saba," alisema Wakili.

"Amkia kwanza," nilimkumbusha.

"Shikamoo, mjomba. Wamekuja mara saba. Na mwaka jana siku ya mtihani tulichezewa vikaragosi. Nimerudia darasa. Nikikosa na safari hii, mwalimu mkuu amesema nafasi yangu anapewa mwingine. Mimi vikaragosi nimeshavielewa."

Sitaficha, moyo uliniuma. Nami nina binti wa umri ule. Lakini moyo wa katibu hauna kura kikaoni, kwa hiyo nilichonga penseli.

Mratibu Mkuu alifungua Mwongozo akasoma kwa sauti ya mimbari: "Kanuni ya thelathini na moja. Mhudumiwa hatatoka nje ya geti kabla ya saa kumi jioni, bila kujali cheo, umri wala sababu." Akaigonga muhuri, akaagiza nakala moja apewe mlinzi wa geti la kituo.

"Na mhudumiwa ni nani?" aliuliza Wakili.

"Ni yeyote aliyevaa fulana ya njano ndani ya geti," alijibu Mratibu Mkuu kwa fahari, maana kifungu hicho alikiandika mwenyewe.

Binti alichukua kalamu yangu, akakiandika kiganjani, akashukuru, akaondoka.

Jumanne saa moja na nusu asubuhi tulifika kituoni na maboksi ya fulana za njano zilizoandikwa MHUDUMIWA. Tulihesabu watoto. Ishirini na wanane. Tukahesabu tena kuanzia upande wa pili, tukapata walewale. Mama Mlezi alikuwa anafagia uwanja, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima mbele yake.

"Kumi na wawili wako wapi?" alifoka Mratibu Mkuu.

"Wametoka saa kumi na mbili, mheshimiwa. Fulana zilikuwa hazijafika."

Honi ya basi ikalia nje. Vijana arobaini wakaanza kushuka na magitaa, rangi za uso na sanduku la vikaragosi. Mratibu Mkuu alitokwa jasho. Ripoti yenye vijana kumi na wawili wasio na mtu wa kumhudumia ingemtangulia kwenye usaili.

"Katibu, watumishi wetu ni wangapi?"

"Nawe ukiwemo, mzee? Kumi na wawili. Idadi ya mitume."

"Vaeni. Mpaka picha zipigwe tu."

Fulana zilikuwa za umri wa miaka kumi hadi kumi na minne. Yangu ilinibana nikawa napumua kwa zamu. Ya Mratibu Mkuu iliishia juu ya kitovu, na kitovu chenyewe kilibaki nje kuwakaribisha wageni.

Kiongozi wa vijana, kijana mwenye filimbi shingoni, alitutazama kwa makini.

"Na hawa nao?"

"Maisha ya mtaani yanazeesha haraka," nilimweleza.

Alitazama upara wa Mratibu Mkuu. Mama Mlezi akamsogelea, akamnong'oneza maneno machache. Kijana aliuma mdomo kidogo kuzuia kicheko, kisha akapuliza filimbi.

"Bwana asifiwe! Tumeagizwa tumhudumie mhitaji. Umri haukutajwa."

Tulihudumiwa, jamani. Tulinawishwa kwa maji ya chupa. Tulimezeshwa dawa ya minyoo. Mratibu Mkuu alichorwa kipepeo kila shavu. Vikaragosi vilipotoka dereva wetu alicheka hadi akalia, nami nilitamani visiishe. Kisha zikaja fomu zetu wenyewe, zenye swali la mwisho: Ukikua unataka kuwa nani?

"Mkurugenzi," alijibu Mratibu Mkuu kwa sauti ndogo.

Binti wa misheni alimpapasa mkono. "Usikate tamaa. Mungu ana mpango na wewe."

Saa saba Mratibu Mkuu aliinuka akaenda mbio getini.

"Fungua! Nina usaili saa nane."

"Umevaa fulana, mzee," alisema mlinzi.

"Naivua!"

Haikuvulika. Tuliivuta watu watatu, ikafika kwapani ikakwama, na mkasi wa kituo ni ule wa watoto, usiokata hata karatasi. Mlinzi alikunjua nakala yake, akasoma polepole: "Bila kujali cheo, umri wala sababu. Muhuri ni wako huu, mheshimiwa."

"Lakini nimekwambia nina usaili!"

"Hata yule binti alikuwa na mtihani."

Wakati huohuo geti likafunguliwa, lakini kwa wanaoingia tu: kumi na wawili walikuwa wamerudi, wino vidoleni. Wakili alimtazama Mratibu Mkuu na vipepeo vyake. Hakucheka. Alimletea uji.

Ukurugenzi alipewa mwingine. Wakili alifaulu. Makao makuu yalipokea ripoti yetu na kutupongeza kwa kufikisha wahudumiwa hamsini na wawili, yaani watoto arobaini na sisi kumi na wawili, yakanukuu Kanuni ya nne, kwamba mhudumiwa hawezi kuwa mratibu, yakamkabidhi Mama Mlezi ofisi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwaomba msafara wa tisa walete fundi bomba badala ya rangi. Ya pili, kuhamishia misafara yote Jumamosi.

Sisi kumi na wawili bado tumo kwenye rejesta, na kutoka kwenye rejesta kunahitaji sahihi ya Mama Mlezi, ambaye hana haraka. Kila Jumamosi tunavaa, tunanawa, na siku hizi maji yanatoka. Wakili hupita na sare yake ya sekondari kutujazia fomu. Juzi Mratibu Mkuu wa zamani alinyoosha mkono, akaomba atoke mapema, mjukuu wake anaumwa.

"Pole sana, babu," alisema Wakili, na pole yake ilikuwa ya kweli. "Leta barua. Nakala moja inatosha."