Utetezi wa Vifaranga Dhidi ya Zulia la Mwenyekiti

Kwako Mwenyekiti wa Kamati ya Wakazi, ambaye pia ni shemeji yangu,

Kosa wanalofanya watu wengi wanaolea vifaranga ni kukagua usafi wakiwa wamesimama. Mtu huchungulia kwa juu, akaona maranda meupe ya mbao, akapangusa mikono na kwenda zake. Lakini kifaranga haishi juu. Anaishi chini kabisa, na huko ndiko unyevu na hewa kali ya kinyesi vinakokaa. Anayetaka ukweli achuchumae, ateremshe pua hadi usawa wa kifaranga, kisha avute pumzi. Macho yakiwasha, matandazo yameoza.

Nakueleza taratibu kwa sababu juzi wewe hukuchuchumaa. Ulisimama mlangoni pa stoo yangu, leso puani kama mtu anayepita jalalani, ukasema, "Shemeji, hapa pananuka, bwana," ukageuka kabla sijakutafutia kiti. Jana nikakuta notisi mlangoni: vifaranga watoke ifikapo Jumamosi, la sivyo mlinzi atawatoa. Awatoe waende wapi? Bado wana vinyweleo tu, manyoya hayajaota. Usiku mmoja nje bila taa yao, na dada yako, aliyewalea tangu walipotoka kwenye mayai, ataamka kuokota mizoga.

Basi nami nilikuja kuikagua ofisi yako wakati wa kikao, kwa vipimo vilevile ninavyotumia kwa vifaranga. Nasikitika kukuarifu kwamba hakuna kifaranga wangu ningemruhusu kulala humo.

1. Matandazo. Maranda hupendwa kwa sababu hunyonya maji, na yakishalowa hutolewa. Zulia lako linanyonya vizuri sana, tatizo halitolewi. Bomba la dirishani linavuja juu yake tangu enzi ya mwenyekiti aliyekutangulia, na dawa uliyoipata kwa akili yako yote ni kutandika zulia jipya juu ya lile lililolowa. Nilijifanya nafunga kamba za kiatu, nikachuchumaa. Machozi yalinitoka. Katibu wako akadhani nimeguswa na hotuba, akanipa karatasi ya kujifutia.

2. Joto. Vifaranga husema wenyewe. Wakisongamana chini ya taa, wanasikia baridi. Wakikimbilia kuta, joto limezidi. Wakitawanyika kila mahali, huyu anakula, yule amelala, mlezi amepatia. Sasa wewe ulipoanza kusoma taarifa yako, wajumbe wote walijibana mlangoni. Sihitaji kipimajoto kujua chanzo cha moto kilikuwa wapi.

3. Sakafu. Ukimweka kifaranga kwenye gazeti tupu au kitu chochote kinachoteleza, miguu hutanuka huku na huku, akashindwa kusimama maisha yake yote. Wewe umetandaza vigae vya kung'aa kwenye ngazi, ukakata utepe, ukapigiwa makofi. Siku ya pili fundi cherehani wa ghorofa ya juu alishuka ngazi hizo kwa makalio, kapu la nguo za wateja likimtangulia. Bado anachechemea. Ulimpa pole na kumwambia avae viatu vizuri.

4. Vumbi. Usitumie unga wa mbao kwa vifaranga wachanga. Ni laini mno. Wakiudonoa wanadhani ni chakula, wanashiba pasipo kula. Hapa, shemeji, nakuachia uyatafakari mwenyewe maazimio ya kamati yako.

5. Msongamano. Vifaranga waliobanana hudonoana. Mmoja akitoka damu kidogo tu, wote humwandama huyohuyo. Nilikuwepo mlipomjadili mweka hazina.

Kwa sababu hizo, ombi langu la kwanza ni kwamba notisi iondolewe. La pili, zulia litolewe na sakafu itandazwe maranda makavu, kina cha vidole vinne, yageuzwe kila siku, na yaliyolowa yatupwe. La tatu, kwa kuwa najua hutaweza kazi hiyo, tubadilishane: vifaranga wahamie ofisini, ambapo nitapasafisha mimi, na kamati ihamie stoo kwangu. Mtakuta taa, maji safi, na mlezi mwenye subira. Nitawalea wote hadi mtakapoota manyoya. Atakayeonyesha dalili za kuzubaa, kushusha mabawa na kusinzia vikaoni nitamtenga mapema asije akaambukiza wenzake. Nina hofu nitaanza na wewe.

Siandiki kwa chuki. Nilikupokea ukiwa kijana mwembamba uliyekuja kula kwetu kila Jumapili, na sikuwahi kukuuliza mbona sahani yako haioshwi. Nisalimie mkeo, watoto, na mama mkwe. Mwambie dawa ya miguu nimeipata. Msalimie katibu, karatasi yake ilinisaidia. Mlinzi pia msalimie, na umweleze kwamba akigusa sanduku la vifaranga wangu nitamsomesha kuhusu kuku hadi aombe likizo.

Ni mimi, mume wa dada yako, mkazi wa chumba cha mwisho chini.

Baada ya saini: Nilipokuwa nafunga bahasha, miwani imeniponyoka ikaangukia ndani ya sanduku la vifaranga. Nimelazimika kupiga magoti kuipapasa. Shemeji, macho yamewaka moto. Chini ya maranda meupe ninayoongeza kila asubuhi, pale chombo cha maji kinapovuja, kulikuwa na tope jeusi lililoshikana kama udongo wa kufinyangia, na kifaranga mmoja amelala juu yake, vidole vimegandiwa na uchafu. Magoti yangu hukubali kuchuchumaa mara moja kwa juma, na ya juma hili niliitumia ofisini kwako. Dada yako ameniinua kwa kwapa huku akicheka: "Kwa mdogo wangu ulichuchumaa, hapa kwako ukasimama?"

Notisi yako ilisema kweli. Tumemwaga kila kitu hadi mbao tupu za sanduku, tumesugua, tumekausha, tumetandaza maranda mapya, na chombo cha maji sasa kimekaa juu ya tofali. Yule mgonjwa ameoshwa vidole kwa maji ya uvuguvugu na anatembea. Barua naituma hivyohivyo, maana kuhusu ofisi yako sijabadili neno. Jumamosi njoo, uchuchumae, uvute pumzi, ndipo uamue kama watoke.

Ila leo, kabla hujafunga ofisi, inua zulia.